Uliza miaka kabla ya bei: Mtanzania anaponunua fleti Nairobi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku yangu ya tatu Nairobi imefika mwaka wa tisa, na jembe nililopewa ni mkopo wa miaka 15. Kwetu ni Tanga. Naoka mikate na keki katika hoteli moja ya Westlands, na sasa nina fleti ya vyumba viwili South B, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Wenzangu wa nyumbani hawaishi kuniuliza nilipitia wapi. Basi, nilipitia hapa.

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodisha tu, na muda usizidi miaka 99. Hata ukiuziwa kiwanja ambacho Mkenya alikuwa anakimiliki milele, kikifika mikononi mwako kinakuwa cha miaka 99. Wazungu niliofanya nao kazi walilishangaa hilo. Sisi tuliozoea hati za miaka 33 na 99 wala hatubabaiki. Nilichosahau ni kwamba kwenye jengo la zamani saa ilishaanza kuhesabu siku nyingi.

Fleti ya kwanza niliyoipenda ilikuwa Kilimani, ina baraza pana na mjakaranda mbele. Broka (huku dalali anaitwa hivyo) alitaka shilingi 30,000 za Kenya "za kumshikia mwenye nyumba". Nikampa. Baadaye wakili akaitafuta hati na kuniita ofisini. "Mama, hii imebakiza miaka 31. Benki haitaigusa." Kuomba muda uongezwe kunawezekana, ila benki haikubali rehani kwa matumaini hayo. Ile 30,000 sijaiona tena, na simu ya broka haipokelewi. Kwa hiyo wakili kwanza, pesa baadaye, na wakili awe wako mwenyewe, si wa muuzaji. Jina lake lihakikishe kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Kumbukumbu za ardhi za Nairobi siku hizi ziko kwenye mfumo wa Ardhisasa, ulioanza 2021. Mwambie akuonyeshe matokeo ya utafutaji: jina la mwenye hati, miaka iliyobaki, na kama kuna benki inayoishikilia.

Utashawishiwa pia ununue ekari ya shamba nje ya mji, kwa kuwa ni rahisi. Ardhi ya kilimo haiuzwi kwa mgeni bila msamaha wa Rais. Hapo ndipo atatokea rafiki wa kukwambia uandikishe kwa jina lake. Usithubutu, mbele ya sheria, shamba ni lake. Kampuni nayo haikuokoi: inahesabiwa ya raia pale tu hisa zake zote zikiwa za raia.

Sasa benki. Nilikwenda na hati ya mishahara ya miezi sita, taarifa za akaunti, pasipoti, kitambulisho cha mgeni na namba ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Yule kijana wa mikopo alipitia yote, akakwama kwenye kibali changu cha kazi. Kibali cha daraja D hutolewa kwa miaka miwili hivi, mimi naomba miaka 15. Nilimwelewa. Kilichonisaidia ni kubeba vibali vyangu vyote vya nyuma, kimoja baada ya kingine, pamoja na barua ya mwajiri. Benki mbili zilikataa, ya tatu ikakubali kwa sharti kwamba niweke pesa nyingi zaidi mwanzoni kuliko Mkenya. Fleti ilikuwa milioni 6.5, nikatoa 2.5, wakanikopesha 4. Sehemu kubwa ya zangu ilitoka kwenye kiwanja nilichouza Tanga. Pesa za namna hiyo zipitishe benki, na ule mkataba wa mauzo uhifadhi, maana utaulizwa zimetoka wapi.

Kabla ya kusaini, kaa chini na kalamu. Milioni 4 kwa riba ya asilimia 14, miaka 15, ni kama shilingi 53,300 kwa mwezi. Ukirefusha hadi miaka 20, unapunguza kama 3,500 tu kwa mwezi, lakini hadi kumaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 2.3 juu. Kijana alinisifia sana ile ya miaka 20. Riba yenyewe mara nyingi hupanda na kushuka, kwa hiyo jipimie ile iliyopanda. Mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe una nafuu ya kodi: riba hadi shilingi 360,000 kwa mwaka huondolewa kwenye mapato yanayotozwa. Wapelekee watu wa mishahara cheti cha benki, hawatakukumbusha.

Bei ya fleti si mwisho. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani anayoikubali mthamini wa serikali, kwangu 260,000. Kuna wakili wako na kodi ya VAT ya asilimia 16 juu ya ada yake, na kuna wakili wa benki, ambaye unamlipa wewe ingawa anamtetea mwenzio. Kuna mthamini, kuna bima. Nilitenga laki tano, zikaisha.

Amana ya asilimia 10 hulipwa mkataba ukisainiwa, nayo ikae kwa mawakili mpaka mambo yakamilike. Muuzaji akiwa na mume au mke, pata ridhaa yake kwa maandishi. Dai pia vyeti vya kodi ya ardhi ya serikali na ada za kaunti, kuwa hakuna deni.

Fleti nenda kaione usiku, tena siku ya kazi. Mimi nilimpelekea soja wa geti mandazi, nikamwamkia shikamoo. Akacheka kwa ile Kiswahili ya Tanga, kisha akanimwagia yote: tangi la juu linakauka Jumapili, pampu imeharibika mara mbili mwaka ule, na watu wa ghorofa ya pili hawajalipa ada ya jengo tangu Pasaka. Nikaomba kuona hesabu za kamati ya wenye nyumba, na kwenye bei muuzaji akashuka laki mbili.

Hati iko benki mpaka nimalize deni. Mimi nina nakala, na nyingine nimemtumia dada yangu Tanga, pamoja na namba ya wakili. Mjomba aliniuliza nikifa itakuwaje, nami nikamrudia wakili, akanijibu: nyumba iliyo Kenya inarithiwa kwa sheria ya Kenya, hata marehemu akiwa Mtanzania.