Ukiombwa kuongoza mazungumzo ya "uhai unaanza lini"

Nimekuwa mkunga miaka 31. Tangu nistaafu, akina mama wa kikoba chetu cha Mbagala huniachia nusu saa baada ya kuhesabu hisa, tuongee mambo ya uzazi. Swali linalorudi kuliko yote ni hili: aliye tumboni anaanza lini kuwa mtu? Siku ukipewa wewe kuliongoza, usilijibu. Ligawe kwanza.

Kiswahili kina uhai, kina roho, kina mtu. Uhai ni habari ya mwili, roho ni ya dini, na mtu mara nyingi ni habari ya sheria. Nimeona majirani wawili wakinuniana mwezi mzima, kumbe mmoja alisema uhai, mwenzake akasikia roho.

Kwenye mwili, eleza hesabu ya kliniki mapema. Wiki zilizoandikwa kwenye kadi zinaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwenye wiki sita ana kama wiki nne tu tangu mimba itungwe. Mimi huja na dengu nimezifunga kwenye pindo la khanga. Naweka moja kiganjani mwa mtu, namwambia: wiki ya sita ni kiasi hiki, na altrasaundi huweza kuonyesha moyo ukidunda. Watu hunyamaza. Waache wanyamaze.

Kwenye roho, usimsemee mtu dini yake. Mwombe Mwislamu aeleze mwenyewe hadithi aliyoipokea Ibn Masud, sahaba wa Mtume Muhammad, ambayo kwayo wanazuoni wengi huhesabu siku 120 hadi roho kupulizwa. Wapo pia wanaoshika 40. Mwombe Mkatoliki aeleze kwa nini Kanisa lake linataka uhai uheshimiwe tangu kutungwa mimba. Akikatizwa mmoja, simamisha kikao hadi amalize.

Sheria ndiyo huwashangaza, kwa hiyo soma pole pole. Kanuni ya Adhabu yetu ya Tanzania, kifungu cha 204, inasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka mzima mzima tumboni mwa mama akiwa hai, hata kama hajavuta pumzi, hata kama kitovu hakijakatwa. Hapo mtu atadakia: basi kabla ya hapo sheria haimjali! Msomee kifungu cha 150 hadi 152, vinavyokataza kutoa mimba, kisha cha 230, kinachomlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kumbe kitu kinaweza kulindwa na sheria kabla sheria haijakiita mtu. Kaeni hapo muda mrefu. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha mjadala wote.

Msimamo wako useme mwishoni, tena ukiulizwa. Wangu ni kwamba uhai upo tangu mwanzo. Ningeutanguliza, nusu ya wanawake wasingefungua kinywa.

Na usipigishe kura. Kwenye kila kikao yupo aliyewahi kutokwa na mimba, na hajamwambia mtu.

Kwa hiyo mkimaliza, usikimbilie kukunja majamvi. Kunja taratibu. Mwaka jana dada mmoja alibaki kunisaidia, akashika pembe ya jamvi, akaniuliza bila kuniangalia: "Mama, yule wangu wa miezi miwili, alikuwa mtoto?" Nikamuuliza yeye alikuwa akimwitaje. Tukalitandika tena lile jamvi, tukakaa.