Msizibe banda la kuku msimu huu wa baridi

Ikifika Juni, kuanzia Ngaramtoni, Arusha, hadi Kibosho, Kilimanjaro, mabanda ya kuku yanafungwa kama vifurushi. Wavu umezibwa kwa turubai, upenyo wa chini ya bati umesokomezwa viroba, na mlango haufunguliwi mpaka jua litoke. Wiki mbili hazipiti, kuku wanakoroma na macho yamevimba, mfugaji yuko duka la mifugo anaulizia antibayotiki.

Piga hesabu. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, hivyo kuku 40 wanakunywa lita 10. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa pumzi na kinyesi. Banda likizibwa, mvuke unagonga bati la baridi na kudondoka alfajiri, maranda yaliyotandazwa sakafuni yanalowa, kinyesi kinatoa gesi kali ya amonia. Amonia huunguza njia ya hewa, mafua yakapata pa kuingilia. Maranda hayohayo mabichi ndiyo yanayoleta kuhara damu. Kuku mkubwa mkavu, mwenye manyoya kamili, anastahimili baridi yetu bila shida.

Ziba upande wa upepo tu, kuanzia sakafuni hadi sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye vichanja. Chini ya bati acha wazi sentimita 20 hadi 30, pande zote mbili ndefu. Usiku kucha, ndiyo, hata Julai! Na turubai ipigiliwe chini, ifunguliwe kutoka juu. Wengi mnaipigilia juu na kuikunja kutokea chini, upepo unampiga kuku kifuani na hewa chafu inabaki palepale darini.

Maranda yawe makavu, kina cha sentimita 8 hadi 10, yageuzwe mara mbili kwa wiki. Finyanga konzi moja: yakibaki donge, yametota, yatoe. Yaliyolowa chini ya vinyweshea yatoke siku hiyohiyo, msisubiri Jumamosi.

Kupima hewa, ingia saa 12 asubuhi kabla hujafungua chochote, uchuchumae usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hewa ni mbaya. Amua papo hapo, maana pua huzoea haraka.

Bati likiamka kavu na mkoromo ukiisha, mmefanikiwa.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kipimajoto kikiwa usawa wa migongo yao, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Wazungushie hadibodi ya sentimita 45 kuzuia upepo, chumba kiendelee kupumua kwa juu. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa linaua vifaranga, na linamuua anayelala humo kuwalinda. Hili tumelisema kila mwaka. Kama huna umeme, tumia chungu chenye mkaa ulioshika moto nje mpaka moshi wote uishe, na dirisha la juu libaki wazi muda wote chungu kikiwa ndani. Usilale humo.