Uko kijijini na unaita ambilanse: vile ya kuelekeza mpaka ikupate

Mutu akipiga telefone toka Kalehe ama Masisi, huku kwetu Kivu ya Kongo, kuomba ambilanse, swali ya kwanza ni "muko wapi?" na jibu ya kawaida ni "tuko hapa karibu na kanisa". Kanisa gani sasa? Kila kilima iko na yake, na jina ya kijiji yenyewe haitoshe juu majina inarudiarudia, gari inaweza toka Goma mbio mbio ikaishia ku kijiji ingine yenye kuitwa vile vile.

Bulaya ukipiga 112, namba yao ya dharura, telefone yenyewe inatuma fasi yako. Ile sisteme inaitwa AML, ilianzia Uingereza mu 2014, na tangu Machi 2022 kila smartphone mupya yenye inauzishwa mu Umoja wa Ulaya inapashwa kuwa nayo. Huku kwetu usiitegemee. Kampuni ya simu inaweza kuona antene gani imekushika, upande gani, na umbali ya kukadiria, lakini antene moja ya GSM inaweza kushika telefone mpaka 35 km, na ile habari inabakia ku kampuni, shofere haioni. Basi fasi yako utaisema weye mwenyewe.

Anza na namba za GPS. Batu bengi banafikiri GPS inakula mega, hapana, inasikiliza satelite tu, ata bila kredi ata bila rezo inafanya kazi. Yenye kukula mega ni picha ya ramani, kwa hiyo pakua ramani ya Kivu ku Organic Maps ama Google Maps wakati ungali mu mji. Toka inje fasi unaona mbingu, chini ya mabati ama mu bonde ya miti mingi inasumbua, na kama hakuna intaneti ngoja dakika kadhaa juu telefone inachelewa kupata satelite. Ule muviringo ya buluu ukishakuwa mudogo, bonyeza pale uko na ushikilie, namba mbili zitatokea.

Hapa njo batu banapotea. Goma iko karibu na -1.67, 29.22. Ule mustari mbele ya 1 unasema uko kusini ya ikweta, ukiusahau umetuma ambilanse mu pori ya Ituri, upande ya Mambasa, zaidi ya 350 km kaskazini. Ukigeuza namba, 29.22 ikakuwa ya kwanza, uko mu jangwa ya Algeria (waende na ngamia). Na usikate za nyuma ya nukta: mbili tu zinaacha kosa ya karibu kilometa moja, ine zinakuleta ku metre 11 hivi, ile inatosha kabisa.

Zitume kwa SMS. Kusoma namba kwa sauti ku rezo yenye kukatakata ni kujitafutia shida, tena SMS inapita ata saa kupiga inakataa. Andika vile:

"MAMA ANAJIFUNGUA, DAMU NYINGI. -2.xxxx, 28.xxxx. Kalehe, Buhavu, Mbinga-Sud, kijiji fulani, sante fulani. Pikipiki inangojea ku daraja."

Teritwari, sheferi, grupema, kijiji, kisha jina ya sante (kituo ya afya): ile mulolongo njo adresi yetu, na kwangu sante njo ya maana kuliko zote juu zoni ya afya inajua sante zake zote na IT wa pale (infirmier titulaire, mukubwa wa sante) anajua njia. Namba ya IT, ya reko (relais communautaire, mwenye kujitolea kwa afya mu kijiji) na ya Croix-Rouge ya karibu uziweke mu telefone leo, na mu ile telefone ya mabutoni ya mama mukubwa pia, juu mara mingi njo yenye kubakia na batiri.

Kwa WhatsApp, tuma fasi ya sasa. Ile ya kufuatilia mutu akitembea inadai intaneti muda wote. Na angalisho moja: yaya yuko Goma, anaambiwa mugonjwa iko Minova, anashika telefone yake anatuma fasi... ya Goma, ya kwake! Namba zitoke ku mutu mwenye kuwa na mugonjwa, yaya akopie tu. Tena usiziweke mu grupe ya batu mia mbili, kwa hii usalama yetu umutumie tu ule mwenye kukuja.

Ukiwa karibu na mupaka ama ku ziwa, telefone inaweza kukamata rezo ya Rwanda bila weye kujua, na namba fupi fupi za huku hazitapita. Ingia ku parametre, chagua rezo yako kwa mukono. Mu mutumbwi wenye umezima moteri, upepo unakusukuma, basi tuma namba mupya kila dakika kumi.

Gari haitapanda mulima yote, tusidanganyane. Mutachukua mugonjwa kwa kipoyi mpaka ku barabara, kwa hiyo tuma namba za fasi mbili, ya nyumba na ya fasi ya kukutania, na mutu mumoja ashuke mbele ya gari kufika, bushiku akuwe na toroshi. Fasi ya kukutania isikuwe duka ya mutu, shofere wa Goma haijui. Daraja, shule, antene ni muzuri, lakini kukinyesha sana rudilia namba: mu Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, mu Kalehe, maji ilibeba nyumba mingi na kuua batu zaidi ya 400, siku ile kusema "nyuma ya nyumba ya chefu" haingemuelekeza mutu.

Batiri ikibakia kidogo, SMS kwanza, kisha zima na mupatane saa ya kuwasha tena. Na kama mumemuhamisha mugonjwa, andika "TUMEHAMA" na namba mupya mbele gari haijapita Sake, mu njia ya kutoka Goma.