Jinsi ya kupima risasi za mashindano za kiwandani kabla ya kuzipeleka masafa marefu

Maandishi ya boksi ni ahadi ya mtengenezaji, naye aliipima kwa mtutu wake. Kasi iliyoandikwa pale mara nyingi imetoka kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24 au 26. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye kaliba moja, zinaweza kupishana kabisa katika risasi inayozipendeza. Kwa hiyo jaribio zima lina maswali mawili tu: risasi hii inatawanyika kiasi gani ikitoka kwenye mtutu wangu, na kasi yake inalingana kiasi gani kutoka moja hadi nyingine? Atakayejibu swali la kwanza pekee atafurahi mita 100 na kushangaa mita 800.

Kuchagua za kupima

Anza na msokoto wa mifereji ya mtutu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kutoka kwenye ganda, kikiwa kirefu na kizito kinataka msokoto wa haraka, yaani mifereji inayomaliza mzunguko mmoja ndani ya inchi chache. Kwa 6.5 Creedmoor, mtutu wa inchi 8 kwa mzunguko mmoja unabeba vizuri vichwa vya greni (kipimo cha uzito wa kichwa) 140 hadi 147. Kwa .223 Remington, kichwa cha greni 77 kinakuwa mpakani kwenye mtutu wa msokoto wa inchi 9. Wa 8 au 7 ndio unaokifaa. Kwa .308 Winchester, msokoto wa inchi 12 unatosha greni 168, lakini ukitaka 175 na kupanda, tafuta wa 11 au 10. Kikokotoo chochote cha balistiki kitakupa kiwango cha uthabiti, lenga 1.5 au zaidi. Kati ya 1.0 na 1.5 makundi kwenye karatasi yanaweza kupendeza, ila kichwa kinayumba kidogo hewani na kupoteza kasi zaidi kuliko ilivyoahidiwa. Chini ya 1.0 utaona matundu marefu kama mayai: kichwa kinaingia kikiwa kimeinama. Acha hapo hapo.

Kisha angalia umbali. Katika nyuzi joto 15 za Selsiasi sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na misukosuko huanza kichwa kinaposhuka kwenye takriban mita 410 kwa sekunde. Tafuta kwenye kikokotoo umbali ambao risasi yako inafika kasi hiyo, kisha uchukulie kuwa ndio mpaka wake wa kuaminika. Mfano maarufu ni Sierra MatchKing ya .308 ya greni 168: iliundwa kwa ajili ya shabaha za mita 300, ni hodari hapo, lakini mkia wake (sehemu ya nyuma inayopungua unene) wenye mteremko mkali huifanya iyumbe inapokaribia kasi ya sauti. Ile ya greni 175 ina mkia wa mteremko mpole na hupita eneo hilo kwa utulivu zaidi. Zote mbili zinauzwa katika maboksi ya mashindano, na anayezipima mita 100 pekee anaweza kuchagua ile isiyomfaa.

Chukua aina tatu, nne zikizidi. Kila aina nunua maboksi matatu ya risasi 20, yote ya namba moja ya toleo. Risasi 5 ni za kuuzoesha mtutu, 30 za makundi na kasi, zinazobaki ni za masafa.

Mezani

Ukaguzi huu usikuchukulie zaidi ya dakika 20. Linganisha jina la kaliba kwenye ganda na lile lililochongwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi. Pitisha kidole kitakoni mwa kila ganda: fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho katikati, inapaswa kukaa sawa na kitako au chini yake kidogo, kamwe isichomoze. Tenga risasi yenye shingo iliyobonyea au kichwa kilichorudi ndani.

Kama una kalipa yenye kifaa cha kushika bega la kichwa (pale kinapoanza kujipinda kuelekea nchani), pima 10 kutoka kitako hadi begani. Tofauti ya milimita 0.1 kati ya ndefu na fupi ni ya kawaida. Usipime hadi nchani ukadhani umegundua kasoro. Ncha zilizo wazi hazilingani hata katika risasi bora. Kupima uzito wa risasi nzima ni kazi bure, kwa sababu tofauti ya shaba ya maganda inaifunika kabisa tofauti ya baruti. Wanaopenda kupima kupinda kwa kichwa juu ya ganda wapime, lakini chini ya milimita 0.08 hakuna cha kuwanyima usingizi.

Idadi ya risasi

Hapa ndipo wapigaji wengi hujidanganya. Kundi la risasi 3 kwa wastani huonyesha asilimia 63 tu ya upana ambao risasi hizo hizo zingeonyesha kwenye kundi la 10. Kundi la 5 huonyesha asilimia 80 hivi. Mtutu haujabadilika, ni kwamba risasi chache hazijapata nafasi ya kufika pembeni. Ndiyo maana kila bunduki duniani ina picha ya kundi dogo la risasi tatu, na ndiyo maana picha hizo hazisaidii kuchagua chochote.

Piga makundi matatu ya 10 kwa kila aina. Usipime upana wa kundi pekee, kwa kuwa upana unategemea matundu mawili tu ya pembeni kabisa na kuyapuuza mengine manane. Tafuta kitovu cha kundi, pima umbali wa kila tundu kutoka kitovuni, kisha chukua wastani. Huo ndio nusukipenyo wastani, na unatumia kila risasi uliyoilipia. Zipo programu za simu zinazofanya hesabu hiyo kutoka kwenye picha ya karatasi.

Kasi nayo ina mtego wake. Ukipiga risasi 5 na kupata mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa mita 3 kwa sekunde, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 1.8 na 8.6. Ukipiga 10, ni kati ya 2.1 na 5.5, ukipiga 20, kati ya 2.3 na 4.4. Kwa maneno mengine, aina mbili zilizopigwa risasi tano tano, moja ikaonyesha 3 na nyingine 5, hazijatofautishwa bado. Na usishindanishe aina kwa pengo kati ya kasi kubwa na ndogo kabisa kama idadi hazilingani, kwa sababu pengo hilo hukua kila unapoongeza risasi.

Uwanjani

Mtutu mpya usiupe hukumu. Katika risasi 100 hadi 200 za kwanza kasi huweza kupanda, na utakachopima leo hakitakuwepo baada ya wiki chache. Mtutu uliosafishwa nao hutawanya risasi za mwanzo, hivyo piga 5 za kuuzoesha kabla ya kuanza, na rudia 3 hadi 5 kila unapobadilisha aina, maana mabaki ya baruti na shaba ya aina iliyotangulia bado yamo ndani.

Kaza skrubu za darubini na za kitako cha bunduki kwa ufunguo wa kipimo. Ondoa mkengeuko wa taswira (shabaha kuonekana kuhama jicho linaposogea nyuma ya darubini) kwa umbali wa karatasi yako, si kwa namba iliyoandikwa kwenye kizungusho. Mbele weka miguu ya kuegemeza bunduki au mfuko, nyuma mfuko wa mchanga, na uchague asubuhi isiyo na upepo.

Kronografu ni kifaa cha kupima kasi ya risasi. Ya rada, kama Garmin Xero au LabRadar, haigusi bunduki, hivyo kasi na kundi hupimwa kwa pamoja. Ile inayofungwa mtutuni, kama MagnetoSpeed, hupima kasi vizuri sana lakini uzito wake hubadilisha mtikisiko wa mtutu na kuhamisha mahali risasi zinapogonga. Pima nayo kasi, kisha ifungue kabla ya kupiga makundi. Ya vivuli vya mwanga iweke mita 3 hivi mbele ya mdomo wa mtutu ili mlipuko usiichanganye, na uitilie shaka mawingu yanapopita.

Zungusha zamu: aina A, B, C, halafu C, B, A. Ukimaliza A yote asubuhi na C yote mchana, utakuwa umepima uchovu wako na joto la mtutu. Baada ya kila kundi la 10, fungua bolti, subiri mtutu upoe hadi kiganja kiweze kuushika bila kuungua. Usiiache risasi ikikaa ndani ya chemba ya moto huku unasubiri upepo. Baruti yake hupashwa na kasi hupanda, kisha utailaumu risasi kwa kosa la subira.

Tundu lililotoka nje ya kundi usilifute. Ruhusa ipo moja tu: kama ulitamka kabla ya kuangalia karatasi kwamba ulivuta vibaya.

Jaribio husimama mara moja ukiona dalili za shinikizo kubwa: bolti nzito kuinua, fataki zilizobanwa bapa hadi kingo zake kupotea, alama inayong'aa ya kisukumio (kinachotoa ganda) kitakoni mwa ganda. Mlio hafifu usio wa kawaida ni hatari zaidi. Toa bolti na uangalie ndani ya mtutu kabla ya risasi nyingine, kichwa kinaweza kuwa kimekwama. Risasi isipolipuka, bunduki ibaki imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 60 ndipo ufungue.

Kusoma matokeo

Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni sentimita 2.9 kwenye mita 100. Kwa risasi za kiwandani, kundi la 10 lililo chini ya hapo ni zuri, na aina inayopita sentimita 4.5 kundi baada ya kundi haina sababu ya kubaki kwenye orodha. Katika kasi, mkengeuko sanifu chini ya mita 3 kwa sekunde ni bora sana, 3 hadi 4.5 ni mzuri, na zaidi ya 6 haufai kupita mita 600.

Kwa nini kasi ipewe uzito wote huo? Chukua 6.5 Creedmoor ya greni 140 inayotoka kwa mita 825 kwa sekunde. Tofauti ya mita 3 kwa sekunde hushusha risasi nusu milimita tu kwenye mita 100, yaani haionekani hata kwa kioo cha kukuzia. Kwenye mita 900 tofauti hiyo hiyo ni sentimita 7 hivi. Sasa aina yenye mkengeuko wa 6 itakuwa na risasi zilizozidi wastani kwa 12 na nyingine zilizopungua kwa 12, na hiyo ni zaidi ya nusu mita kutoka juu hadi chini kwa sababu ya kasi peke yake, kabla mkono wako haujaongeza lake.

Kwa hiyo ukipiga hadi mita 400, chagua kwa nusukipenyo wastani. Ukivuka 600, aina yenye kasi inayolingana ishinde hata kama kundi lake la mita 100 ni pana kwa robo. Aina mbili zikikaribiana kote kuwili, chukua inayopambana vizuri na upepo. Kwenye mita 900, upepo wa ubavuni wa mita 1 kwa sekunde husukuma ile 6.5 Creedmoor kwa takriban sentimita 35, na .308 ya greni 175 kwa zaidi ya 50. Tofauti ya milimita tatu kwenye karatasi ya mita 100 haina la kusema mbele ya hilo.

Kuthibitisha masafa

Kabla ya kuilaumu risasi, ipime darubini. Mita 100 kamili, chora mstari wima, zungusha mili 10 juu (mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100): kundi lazima lipande sentimita 100. Likipanda 98, darubini ina kosa la asilimia 2, na kosa hilo ukiliingiza kwenye kikokotoo kama kosa la risasi utakuwa umejenga jedwali la uongo la marekebisho ya kila umbali.

Ingiza wastani wa kasi wa risasi zako 30, kigezo cha balistiki, yaani namba ya jinsi kichwa kinavyopenya hewa, cha G7 (si G1, ambacho hakiendani na umbo la vichwa virefu vyenye mkia), halijoto na shinikizo la hewa la pale ulipo, bila kusahau urefu wa darubini juu ya mtutu. Piga 10 kwenye mita 600. Kitovu kikiwa juu au chini, rekebisha kasi kidogo. Ukihitaji kuibadilisha zaidi ya mita 5 kwa sekunde, rudi ukague sifuri (mpangilio wa darubini unaofanya risasi igonge pale unapolenga) na umbali kwanza. Kigezo cha balistiki kirekebishe kwa risasi za mbali zaidi, karibu na ule mpaka wa mita 410 kwa sekunde.

Joto la baruti lipime siku nyingine, yenye tofauti ya angalau nyuzi 15, ukitumia hali ya hewa yenyewe. Risasi hazipashwi kwa moto wala kuachwa ndani ya gari juani. Gawa tofauti ya kasi kwa tofauti ya nyuzi. Nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi ni kawaida, 0.2 ni baruti tulivu. Andika namba hiyo kwenye jedwali lako.

Ukishapata inayokufaa, nunua toleo lile lile kwa wingi unaoweza kumudu. Toleo jipya la risasi ile ile linaweza kuja na wastani wa kasi ulio tofauti, kwa kuwa kila shehena ya baruti ina tabia yake. Likifika, piga 10 kwa kronografu na kwa sifuri pamoja, badilisha kasi kwenye jedwali, kisha uandike namba ya toleo juu ya ukurasa huo.