Jinsi ya kuueleza ubishi wa Makedonia barazani bila watu kununiana

Ukikaa Mkunguni jioni hapa Lamu mazungumzo yataanza na bei ya samaki, yapite kwenye siasa za kaunti, halafu mmoja aliyetazama video kwenye simu aulize: hivi Iskandar, yule Alexander Mkuu mfalme wa Makedonia, alikuwa Mgiriki au siyo? Hapo ndo sauti hupanda. Na kama wewe ndo msomaji wa pale, nyuso zote zitakugeukia, kwa hiyo jipange.

Usijibu ndiyo wala hapana. Lile swali limebeba maswali mengi kwa pamoja, kuna la wafalme, kuna la lugha, kuna la siasa za wakati ule na kuna la nchi za leo, na watu hugombana kwa sababu huyu anajibu la lugha, mwenzake anajibu la wafalme, wa tatu anatetea bendera. Yatenganishe, uyachukue moja moja.

Lakini kabla ya yote liweke pembeni la Dhulqarnaini, maana lazima mtu atalileta. Wako wafasiri waliosema yule wa Suratul Kahf ndiye Iskandar, na wako waliokataa katakata wakasema Iskandar aliabudu miungu mingi, itakuwaje awe yeye. Mwachie maalim hilo baada ya Isha. Ukilichanganya na Makedonia kahawa itapoa na hamjafika popote.

Anza na mahali. Ufalme ulikuwa kaskazini mwa Ugiriki ya leo, mji mkuu wa zamani ukiitwa Aigai, pale panapoitwa Vergina sasa, baadaye makao ya mfalme yakahamia Pella. Ukoo uliotawala, Waargead, walidai wametoka Argos, mji wa kusini wa Wagiriki, na kwamba babu yao ni Herakles, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Hapa nawapa mfano wa Pate na hakuna haja ya kuelezea sana: Wanabahani, masultani wa Pate, walisema asili yao Oman, lakini hakuna anayesema kila mvuvi wa Pate alikuwa Mwomani. Asili inayodaiwa na mfalme ni jambo moja, asili ya raia ni jambo jingine. Wakilishika hilo umemaliza nusu ya kazi.

Halafu simulia ile ya Olimpiki, watu huipenda. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasema mfalme Alexander wa Kwanza (huyu siye yule mkubwa, huyu ni wa miaka ya 400 na kitu KK) alikwenda kushindana mbio, wenzake wakapinga kwamba mashindano ni ya Wagiriki tu. Akaleta hoja ya Argos, waamuzi wakamkubali, akakimbia. Sasa angalia vizuri, aliyekubaliwa ni mfalme, na amekubaliwa kwa ukoo wake. Raia hawakuulizwa.

Kwenye lugha usiende mbio, hapa ndo pana utamu. Mwaka 1986 pale Pella kwenye kaburi wakapata kipande cha madini ya risasi kimekunjwa, cha karne ya 4 KK, kina maandishi. Kumbe ni uchawi wa mapenzi! Mwanamke anaomba bwana mmoja aitwaye Dionysophon asimuoe Thetima, asimuoe mwanamke yeyote ila yeye, mpaka yeye mwenyewe aje akifukue kile kipande akisome. Baraza zima litacheka, kila mtu ana jirani wa hivyo. Ila wakishacheka waambie jambo lenyewe: maneno yale ni Kigiriki, lahaja ya upande wa Kidori, na siyo barua ya kasri wala hotuba ya kuwafurahisha wageni, ni siri ya mtu wa kawaida na wivu wake. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mfalme yeyote. Kipande kimoja hakimalizi kesi, lakini anayesema raia hawakuwa na Kigiriki chochote akijibu kwanza hicho.

Atatokea mtu aseme, mbona Wagiriki wenyewe waliwaita washenzi? Kweli, Demosthenes, mhutubu wa Athens, alimtukana hivyo hivyo Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia na baba yake Iskandar. Lakini uliza aliyasema lini na kwa nini. Philip alikuwa anameza miji mmoja mmoja, na 338 KK akawapiga Athens na Thebes pale Chaeronea. Matusi ya adui kwenye vita siyo cheti cha kuzaliwa. Isocrates, naye wa Athens, alimwandikia Philip huyo huyo kwa heshima, akamtaka aongoze Wagiriki dhidi ya Uajemi.

Vita vya Alexander pitisha haraka, kila mtu anavijua: kashika utawala 336 KK, kafa Babeli 323 KK. Kama kuna Mkristo barazani mwambie Filipi na Thesalonike za kwenye Biblia ni miji ya huko huko, mmoja una jina la Philip, mwingine la binti yake. Warumi wakaumaliza ufalme baada ya vita vya Pydna, 168 KK.

La mwisho ni la leo, na hili liongee polepole. Waslavi walifika maeneo yale karne ya 6 na ya 7 baada ya Kristo, Alexander keshakufa miaka mia tisa hivi. Yugoslavia ilipovunjika nchi mpya ikajiita Makedonia, ikaweka kwenye bendera jua lililopatikana kwenye makaburi ya Vergina, Ugiriki ikawaka, mpaka ikawafungia biashara. Bendera ikabadilishwa 1995, jina likasumbua hadi mkataba wa Prespa wa 2018 kati ya nchi hizo mbili, ndo ikawa Makedonia Kaskazini. Mkataba wenyewe unasema lugha yao ni ya Kislavi na haihusiani na Wagiriki wa kale. Hawa ni watu wa kweli wenye lugha yao na nchi yao, usiwakejeli, ila usiwape Philip.

Na mtu akirukia kwa Cleopatra, mjibu kwa ufupi: ukoo wake ulianzishwa na Ptolemy, jemadari wa Alexander kutoka Makedonia, na Plutarch, mwandishi wa kale, anasema Cleopatra ndo wa kwanza katika wafalme wa ukoo ule kujisumbua kujifunza Kimisri.