Namna ya Kupiga "Aeolian Harp" ya Henry Cowell

"Aeolian Harp", kipande kifupi cha piano alichotunga Mmarekani Henry Cowell (1897–1965) mwaka 1923, huwahadaa wanafunzi, kwa sababu kwenye karatasi huonekana kama kodi (yaani nota kadhaa za pamoja) za kawaida zinazofuatana polepole. Kazi yenyewe ni kuzibonyeza kodi hizo bila kutoa sauti, huku mkono mwingine ukizipapasa nyuzi ndani ya piano, kama upepo unavyokiliza kinubi kilichokipa kipande hiki jina.

Utahitaji piano ya kulala, kwani katika ile ya kusimama mkono hauzifikii nyuzi vizuri. Omba ruhusa ya mwenye nayo, kisha nawa mikono na uikaushe kabisa, maana hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huzishika nyuzi kutu hata bila kuongezewa jasho letu.

Anza na mkono wa vibonyezo peke yake. Shusha kodi taratibu mno, vidole vyote kwa pamoja, mpaka vinyamazishi, yaani vipande vinavyolala juu ya nyuzi kuzizuia zisilie, viinuke bila nyundo kugonga. Ukisikia hata mlio mdogo, achia uanze upya. Mimi humshauri mwanafunzi afanye hivi wiki nzima kabla hajagusa uzi, ingawa wachache hukubali.

Sasa pitisha nyama ya kidole, si ukucha, juu ya nyuzi kwa mwendo mmoja usiokatika. Nyuzi zote zitaguswa, lakini zitakazoendelea kulia ni zile tu ambazo vinyamazishi vyake vimeinuliwa, na sauti yake itamkumbusha msikilizaji wa taarabu mpapaso wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Usivuke kwenda kwenye nyuzi nyembamba za mwisho kabisa, kwa kuwa hazina vinyamazishi na zitalia hata usipozitaka. Chunguza pia mihimili ya fremu ya chuma, ambayo hutofautiana kati ya piano na piano na huweza kuukatiza mkono wako katikati ya kodi.

Ili sauti isikatike unapohama kodi, kanyaga pedali ya kulia baada ya mpapaso, badilisha vibonyezo kimya kimya, kisha iachie kabla ya mpapaso unaofuata. Ukichelewa kuiachia, nyuzi zote zitavuma kwa mkupuo. Kwa nota zinazodonolewa moja moja, bandika vipande vidogo vya karatasi juu ya vinyamazishi vinavyohusika, usibandike kwenye nyuzi, na uvibandue ukimaliza.