Majimaji ya foliko: andaa damu miezi 3 kabla ya kuvunwa mayai

Yai halina mshipa wake wa damu. Hukua ndani ya kifuko kiitwacho foliko, likizungukwa na majimaji ambayo sehemu yake kubwa huchujwa kutoka kwenye damu yako. Foliko iliyofikia kuvunwa kwa ajili ya IVF (kurutubisha yai nje ya mwili, maabara), yaani yenye milimita 17 hadi 20 hivi, ina mililita chache tu, hazijazi kijiko cha chai.

Hatua za mwisho za ukuaji wa foliko huchukua takriban miezi 3. Chukua tarehe ya kuvuna, rudi nyuma siku 90, anzia hapo. Vidonge vya wiki ya mwisho vimechelewa.

Pima kwanza: wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma), B12, vitamini D, sukari ya miezi 3 (HbA1c) na TSH (homoni inayoonyesha hali ya tezi ya shingo). Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, mwambie daktari na uviache siku 2 au 3 kabla ya kutolewa damu. Biotini huvuruga vipimo vingi vya homoni, ukaja kutibiwa tezi ya shingo isiyo na kosa.

Asidi ya foliki ni maikrogramu 400 kila siku. Miligramu 5 ni kwa agizo la daktari, mfano kwa mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa. Foleti (umbo la asili la asidi ya foliki) na B12 hupunguza homosisteini, kemikali iliyomo kwenye damu, na baadhi ya tafiti zimehusisha wingi wa homosisteini kwenye majimaji ya foliko na viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) dhaifu. B12 iko kwenye nyama, dagaa, mayai na maziwa. Anayekula ugali na mboga tu asitegemee asidi ya foliki peke yake, kwani inaweza kuficha upungufu wa B12 huku neva zikiharibika. Mchicha nao usiuchemshe ukamwaga maji, maana foleti inakwenda nayo. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya mlo, kwa sababu huzuia madini ya chuma.

Vitamini D chini ya 20 ng/ml itibiwe, ingawa tafiti kuhusu faida yake kwa viinitete zinapingana. Usipite IU 4000 kwa siku bila daktari. Ushauri wa "kula maini kila siku uongeze damu" uache: gramu 100 za maini ya ng'ombe huvuka maikrogramu 3000 za retinoli (vitamini A), kiwango cha juu cha siku, na ziada yake ni hatari kwa mimba.

Kupunguza uzito kunasaidia, ila taratibu, nusu kilo kwa wiki. Ukijinyima ghafla, mwili huyeyusha mafuta yake na asidi za mafuta hupanda kwenye damu, kisha kwenye foliko. Maabara, mayai ya ng'ombe yaliyowekwa kwenye asidi hizo kwa wingi hukua vibaya. Sindano za kukuza mayai zikianza, kula kawaida.

Hakuna chakula kinachorekebisha kromosomu za yai lililozeeka. Usilipie kupimwa majimaji ya foliko pia. Kliniki nyingi huyamwaga, na hakuna kipimo chake kinachoaminika kuchagua kiinitete.

Matokeo yakiwa mabaya, omba namba: mayai mangapi yalikuwa yamepevuka, mangapi yalirutubishwa, viinitete vilikuwa na seli ngapi siku ya 3 (hutarajiwa 8 hivi), vingapi vilifika siku ya 5. Mayai mengi yakiwa machanga, kagua kwanza sindano ya kupevusha mayai, ile ya mwisho kabla ya kuvuna: ilichomwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna, na kwa dozi kamili?